Utumbo Ulioshikana Baada ya Upasuaji, na Upasuaji wa Matundu Madogo

Mshikamano wa utumbo ni kovu linaloota ndani ya tumbo na kugandisha pamoja viungo ambavyo kwa kawaida huteleza kimoja juu ya kingine. Kwenye faili la hospitali huandikwa adhesioni. Wodini utasikia tu "utumbo umeshikana". Mshikamano ni neno zuri kwenye siasa. Tumboni si zuri hata kidogo. Ukurasa huu ni kwa mama au mlezi ambaye mtoto wake amewahi kupasuliwa tumbo, na pia kwa mama mwenyewe aliyejifungua kwa upasuaji, kwa sababu kovu la namna hii halichagui umri.

Jambo moja tuliseme kabla ya mengine yote. Mtu yeyote mwenye kovu la upasuaji tumboni akianza kutapika matapishi ya kijani, tumbo likajaa, choo na ushuzi vikakata, apelekwe saa hiyo hiyo kwenye hospitali inayoweza kupasua, hata kama ni usiku wa manane. Kwa mtoto mchanga, matapishi ya kijani peke yake yanatosha kumpeleka, awe amewahi kupasuliwa au hajawahi.

Kovu hili linatoka wapi?

Utumbo na kuta za ndani za tumbo vimefunikwa na utando mwembamba, laini na wenye unyevu. Utando huo ndio unaouwezesha utumbo kujinyonganyonga na kusukuma chakula bila kukwaruzana. Ukiguswa sana, ukikauka kwa hewa, ukiungua au ukilowa usaha, mwili hutoa majimaji ya kunata kama gundi ili kuziba jeraha. Kwa kawaida gundi hiyo huyeyushwa na mwili wenyewe ndani ya siku chache. Isipoyeyuka, chembe za kovu huingia ndani yake pamoja na vimishipa vya damu, na ndani ya wiki moja hivi kovu limeshaanza kukomaa. Linaweza kuwa jembamba kama uzi, linaweza kuwa pana kama kitambaa, na pengine hubana matumbo yakawa kama fundo.

Hii ni sehemu ya kupona, na si dalili kwamba daktari alikosea au alisahau kitu tumboni. Makovu haya hukutwa kwa zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa kufungua tumbo, na wengi wao hawatajua maisha yao yote kwamba wanayo. Tatizo ni kwa wachache ambao kovu linauvuta utumbo, linaukunja, au linakuwa kama kitanzi ambacho kipande cha utumbo kinapenya na kunasa.

Tena si tatizo la wiki mbili za kwanza tu. Huko Uskoti watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 karibu wagonjwa 30,000 waliopasuliwa tumbo au nyonga mwaka 1986. Takribani mmoja kati ya watatu alirudishwa hospitali, wastani wa mara mbili, kwa tatizo lililotokana au lililoweza kutokana na mishikamano, au kwa upasuaji mwingine ambao mishikamano ingeweza kuutatiza. Kati ya safari hizo za kurudi, zaidi kidogo ya moja kwa kila tano ilitokea mwaka wa kwanza. Zilizobaki zilisambaa mwaka baada ya mwaka hadi mwisho wa utafiti. Ndiyo maana daktari anayekuuliza leo kuhusu upasuaji wa miaka minane iliyopita hapotezi muda wako.

Watoto walio kwenye hatari zaidi ni waliopasuliwa kwa sababu ya kidole tumbo kilichopasuka, utumbo ulioingia ndani ya utumbo mwingine, utumbo uliojisokota, au waliozaliwa matumbo yakiwa nje. Kwao kuziba kwa utumbo hutokea zaidi katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Wapo pia wanaopata mishikamano bila kisu kuwagusa: kifua kikuu cha tumbo, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, na kwa wanawake maambukizi ya muda mrefu kwenye mirija ya uzazi. Wengine huzaliwa na utepe wa namna hiyo tumboni.

Kwa akina mama, kila upasuaji wa kujifungua unaoongezeka huongeza uwezekano wa mishikamano, hasa kati ya mfuko wa uzazi, kibofu cha mkojo na ukuta wa tumbo. Mara nyingi haileti maumivu. Huonekana pale upasuaji wa tatu au wa nne unapochukua muda mrefu kuliko wa kwanza, kwa sababu daktari lazima aachanishe kibofu polepole kabla ya kumfikia mtoto. Kuhusu kujifunga kanga tumboni baada ya kujifungua: haizuii mishikamano wala haiileti. Ukijisikia vizuri nayo, jifunge, ila isibane kidonda.

Upande wa hospitali kuna yanayoweza kupunguza kovu: kuushika utumbo kwa upole, kuuweka ukiwa na unyevu, kuzuia damu isibaki tumboni. Hata unga uliokuwa ukiwekwa ndani ya glavu za upasuaji ili zivalike kirahisi uligundulika kuchochea mishikamano, na Marekani ilipiga marufuku glavu za unga kuanzia Januari 2017. Na jambo lingine ni ukubwa wa jeraha lenyewe, ambalo ndilo linalotuleta kwenye upasuaji wa matundu madogo. Lakini kwanza dalili.

Dalili za utumbo kuziba

Maumivu ya utumbo uliozibwa na kovu huja kwa mawimbi. Mtoto analia na kujikunja, anatulia dakika chache, halafu yanarudi. Utumbo ulio juu ya kizuizi unasukuma kwa nguvu, unachoka, unasukuma tena. Kisha hufuata kutapika: kwanza chakula, baadaye maji ya kijani au ya njano, na ikichelewa sana, matapishi yenye harufu ya kinyesi. Tumbo huvimba na kukaza. Choo hukata, na ushuzi pia.

Kuna mtego hapa. Mwanzoni mtoto anaweza kupata choo, hata cha kuharisha, kwa sababu kilichokuwa chini ya kizuizi bado kinatoka. Usijitulize kwa nepi moja yenye choo ikiwa bado anatapika kijani.

Yafuatayo yana maana kwamba huenda kipande cha utumbo kimekosa damu na kinaanza kufa: maumivu ambayo sasa hayaachi, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, tumbo gumu asilotaka liguswe, damu kwenye choo, au mtoto aliyekuwa akilia sana kunyamaza ghafla na kulegea. Ukimya huo huwapotosha wazazi wengi, wakadhani amepata nafuu. Hapo ni suala la saa, si siku.

Nyumbani usifanye haya. Usimpige bomba la dawa ya mitishamba. Usimpe dawa ya kuharisha. Usimkande tumbo, hata kama bibi anasema ni mchango. Tunaliheshimu neno la bibi, na mara nyingi tumbo la mtoto ni gesi tu. Lakini utumbo ulionaswa kwenye kitanzi ukisukumwa kwa nguvu kutoka chini au ukikandwa kutoka juu unaweza kutoboka. Usimlazimishe uji wala maziwa akiwa anatapika kijani. Mtoto anayenyonya mbebe, mtulize, nendeni.

Si kila aliyezibwa hupasuliwa

Wazazi wengi hufika wakiwa wamejiandaa kwa kisu, na wanashangaa daktari anapoagiza asubiriwe. Kusubiri huko ni tiba. Mgonjwa haruhusiwi kula wala kunywa, anawekewa mpira unaopita puani hadi tumboni ili kutoa majimaji na hewa, anapewa dripu ya maji na chumvichumvi alizopoteza, na anapimwa mara kwa mara na, inapowezekana, na daktari yule yule. Picha ya eksirei ya tumbo huonyesha matumbo yaliyojaa hewa. Utrasaundi au CT skani husaidia kujua mahali palipoziba na kama damu bado inafika.

Kwa watu wazima, zaidi ya nusu hufunguka kwa njia hii bila upasuaji. Hospitali nyingine humpa mgonjwa dawa maalumu inayoonekana kwenye eksirei, kisha hupiga picha tena: ikifika kwenye utumbo mpana ndani ya saa 24, kuna matumaini makubwa kwamba njia itafunguka yenyewe. Kwa wazima ambao hali yao si mbaya, kusubiri kwa kawaida hakuvuki siku tatu. Kwa watoto madaktari huwa na subira fupi zaidi, hasa wachanga, kwa kuwa mtoto hawezi kueleza maumivu yamebadilikaje.

Wewe uliyekaa kando ya kitanda una kazi. Andika ni saa ngapi alitapika na rangi yake, ni lini alitoa ushuzi, na kama mpira wa puani unaleta kingi au kidogo. Kumwambia muuguzi "amejamba saa kumi" si aibu. Kwenye wodi hiyo ndiyo habari njema kuliko zote.

Upasuaji wa matundu madogo unavyofanyika

Kuchungulia tumboni kwa kifaa kupitia tundu si jambo la juzi. Daktari Msweden, Hans Christian Jacobaeus, aliandika kuhusu kuwachungulia wagonjwa kwa njia hiyo mwaka 1910. Kuondoa kiungo kwa matundu kulikuja baadaye sana: Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake huko Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia hii Septemba 1980, na wenzake wengi walimwona kama mtu aliyevuka mpaka. Leo ni kazi ya kila siku katika hospitali kubwa, na Afrika Mashariki nayo inafanyika, ingawa zaidi katika hospitali za rufaa na za binafsi mijini.

Mgonjwa hupewa usingizi kamili, ule ambao wengi wetu tunauita nusu kaputi. Daktari hutoboa tundu la kwanza, ambalo si pana kuliko ukucha wa kidole gumba, na kupitia hapo huingiza hewa ya kabonidayoksaidi ili ukuta wa tumbo uinuke kama hema na kuacha nafasi ya kuona. Kwa watoto hewa huwekwa kwa msukumo mdogo zaidi. Kisha huingia kamera nyembamba yenye taa, na timu nzima inaona tumbo kwenye skrini. Matundu mengine mawili, wakati mwingine matatu, hupitisha mkasi na vishikio vyembamba.

Tundu la kwanza ndilo la hatari kuliko yote. Chini ya kovu la zamani huenda utumbo umeganda kwenye ukuta wa tumbo, na anayetoboa hapo anaweza kuutoboa pia. Kwa hiyo daktari makini huanzia mbali na kovu, mara nyingi upande wa kushoto chini ya mbavu, na wengi hupasua kidogo na kuangalia kwa macho kabla ya kuingiza chochote. Ukiona alama mpya imekaa mahali usipopategemea, sababu ndiyo hiyo.

Ndani, kazi ni ya uvumilivu. Daktari hutafuta kwanza utumbo mwembamba uliosinyaa, ule ulio chini ya kizuizi, na kuufuata kurudi nyuma, kwa kuwa ni salama kuushika kuliko ule uliojaa na kutanuka kama puto. Akifika panapoziba, mara nyingi hukuta utepe mmoja tu. Anaukata kwa mkasi, na hujizuia kutumia moto wa umeme karibu na utumbo kwa kuwa unaweza kuunguza mahali pasipoonekana. Utumbo uliokuwa na rangi ya bluu unaangaliwa: ukirudi kuwa wa waridi, umepona. Ukibaki mweusi, kipande hicho hukatwa na ncha mbili kuungwa, na kwa kawaida hapo jeraha hupanuliwa.

Mishikamano isiyosumbua mara nyingi huachwa ilivyo. Wapo ndugu wanaouliza kwa nini daktari "hakusafisha yote". Kila anapokata, anaacha jeraha jipya, na kila jeraha linaweza kuota kovu jingine. Kuiacha ni uamuzi wa busara.

Faida ni ipi, na mipaka iko wapi

Kidonda ni kidogo, maumivu ni machache, utumbo huamka mapema, na mishikamano mipya huwa michache kuliko baada ya kufungua tumbo lote. Utafiti mmoja uliofanyika Finland na Italia na kuchapishwa mwaka 2019 uliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima waliozibwa utumbo na kovu: waliopasuliwa kwa matundu walikaa hospitali wastani wa siku 4.2 baada ya upasuaji, waliofunguliwa tumbo siku 5.5. Ni nafuu ya kweli, lakini isitiwe chumvi: ni siku moja na saa kadhaa, kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu.

Njia hii haimfai kila mtu. Ikiwa tumbo limevimba mno, hakuna nafasi ya kuona. Ikiwa utumbo umeshatoboka, au mgonjwa amepasuliwa mara nyingi na kila kitu kimegandana, au presha imeshuka na hali ni mbaya, kufungua tumbo ni haraka zaidi na salama zaidi. Wakati mwingine daktari huanza kwa matundu kisha akaamua kufungua. Katika utafiti huo ilitokea kwa takribani mmoja katika kila wanne. Hilo si kushindwa, na fomu ya ridhaa utakayotia saini italitaja. Hatari anayoiogopa daktari ni kuujeruhi utumbo bila kuona, jeraha likajitokeza siku ya pili au ya tatu.

Kuhusu maumivu ya tumbo ya muda mrefu pasipo utumbo kuziba, tunawashauri mwulize maswali mengi kabla ya kukubali kupasuliwa. Madaktari wa Uholanzi walichapisha mwaka 2003 utafiti wa wagonjwa 100 wenye maumivu sugu na mishikamano: wote walichunguliwa kwa kamera, nusu wakakatwa mishikamano, nusu wakaachwa. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na kukata hakukuonyesha faida ya ziada iliyo dhahiri.

Sasa lile linalotusumbua zaidi. Tunasikia familia zinazokataa upasuaji kwenye hospitali ya mkoa au ya kaunti kwa sababu wameambiwa mjini kuna "upasuaji wa kisasa", wakaingia basi na mtoto anayetapika kijani. Msifanye hivyo. Utumbo unaokosa damu unaweza kufa ndani ya saa chache, na upasuaji wa kawaida unaofanywa leo na daktari anayeujua unampita ule wa matundu utakaofanywa kesho kutwa. Ulizeni swali moja: "Je, anaweza kusubiri kwa usalama?" Daktari akisema hapana, mkubali hapo mlipo. Akisema ndiyo, na akaandika rufaa, mtoto asafiri kwa gari la wagonjwa akiwa na dripu na mpira wa puani.

Baada ya upasuaji

Maumivu ya bega siku moja au mbili za mwanzo huwashangaza wengi: "Amepasuliwa tumbo, bega linamuumaje?" Ni hewa iliyobaki chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Huisha yenyewe, na kutembeatembea husaidia.

Chakula huanza kidogo kidogo pale daktari anaporidhika kwamba utumbo unafanya kazi. Mtoto anayenyonya hurudi kwenye ziwa mapema. Siku ambazo hakunyonya, mama akamue ili maziwa yasikauke. Kwa mkubwa, wiki za mwanzo apewe vyakula laini, na vile vyenye nyuzi ngumu kama miwa, maembe ya nyuzi na nyama za machungwa visubiri. Baadaye atakula kama wenzake, ila atafune vizuri. Hakuna chakula wala kinywaji kinachoyeyusha mishikamano, na anayekuuzia dawa ya kuyeyusha makovu ya tumboni anakuuzia hewa.

Mrudishe hospitali mara moja ukiona homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, tumbo kuvimba tena, kutapika, au tundu linalotoa usaha. Kwa upasuaji wa matundu mgonjwa alitakiwa kuwa bora kila siku kuliko jana. Akigeuka na kuwa mbaya siku ya tatu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuziba kunaweza kujirudia, hata baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Kabla ya kuruhusiwa, omba maelezo yaliyoandikwa: upasuaji gani ulifanyika, lini, mishikamano ilikuwa wapi, na kama kipande cha utumbo kilikatwa. Yapige picha kwa simu, na karatasi yenyewe iweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Ikiwa ni wewe mama na unatarajia kushika mimba tena, mwonyeshe mkunga karatasi hiyo katika hudhurio la kwanza, ili upangiwe kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba.